Bunduki ya Marehemu Haili Chuma

Troyeville, Johannesburg
4 Februari 2024

Kaka Muhammad,

Assalaam alaykum. Nakusalimu wewe, wifi yangu Mwanaasha, na kila anayelala chini ya bati lenu. Sisi huku hatujambo. Mwanangu Sumaiya amepata kazi benki na siku hizi anatembea kama vile benki ni ya baba yake. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, nikimgombeza ananijibu Kizulu, kwa hiyo nyumba ina amani kwa kuwa hatuelewani. Mvua zimeubomoa ukuta wa nyuma. Mguu wangu haujambo, asante kwa kutouliza.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu yako ni ya miujiza. Nikikuuliza habari za watoto, sauti yako inakuja kama uko chumba cha pili. Nikitaja marisau tu, zile punje za kupigia ndege, mtandao unakatika. Karatasi haina mtandao, ndugu yangu. Nimempa mama mmoja wa Handeni anayeleta vitenge Joubert Park, na ameniapia kwamba ataifikisha mkononi mwako hata kama utajifanya haupo.

Haya, tuje kwenye neno lenyewe. Unajua marehemu mume wangu Othmani aliniachia bunduki. Ile ya mitutu miwili, ya Kiingereza, iliyofuliwa kabla baba zetu hawajajua kuoga wenyewe. Unajua pia kwamba baada ya eda nilikwenda darasani, nikafanya mtihani wa silaha pamoja na vijana wa ulinzi, nikapata leseni kwa jina langu. Unajua kwa sababu nilikupigia nikakuambia, na ulicheka mpaka ukakohoa.

Kila kipupwe Othmani alikwenda na wenzake kuwinda bata maji kwenye bwawa la shamba moja mashariki ya mji. Kwa miaka mingi mimi nilikuwa naye, na sikuwa nakwenda kuchemsha chai. Asubuhi moja alipiga yeye, asubuhi nyingine nilipiga mimi, na wale wanaume walitazama mawinguni wakajifanya hawaoni.

Mwaka huu mwenye shamba ametoa sharti jipya. Marisau ya madini ya risasi yamepigwa marufuku kwenye maji yake. Bata huyaokota matopeni wakidhani ni changarawe, sumu inawala ndani polepole, na ndege mla mizoga akimla bata yule naye anakwenda. Sharti jema, sina ugomvi nalo. Kibali kimeandikwa wazi kwamba halali ni marisau yasiyo na sumu peke yake, na ukikutwa na ya risasi hata mfukoni, unaoneshwa geti.

Wenzangu wote wamekimbilia marisau ya chuma, ndiyo yaliyojaa madukani, na bunduki zao ni mpya. Unamkumbuka Adamu, yule wa Pongwe anayeuza vipuri vya magari? Tangu Othmani afariki amejitawaza kuwa mkubwa wetu, hakuna aliyempigia kura. Alisimama mbele ya watu akaniambia, "Dada Mayasa, bunduki ya marehemu imekwisha kazi. Chuma kitaipasua. Nipe mimi nikutunzie, wewe njoo utupikie." Hilo neno "nikutunzie" alilitoa kwa sauti ya mtu anayesoma khutba. Nikamwambia atunze kwanza meno yake.

Lakini kuhusu chuma hakusema uongo, na hilo ndilo linaloniuma. Desturi ya kundi letu ni kwamba asiyefyatua siku ya kwanza ya msimu, nafasi yake hupewa mwingine, na foleni ya wanaoitaka ni ndefu. Nikikosa marisau ya halali kabla ya Juni, nimetoka. Na mahali pale, Muhammad, ndipo mahali pekee katika nchi hii ninapokaa na Othmani bila mtu kuja kunipa pole.

Wewe umestaafu kwenye ghala la silaha la Idara ya Wanyamapori. Nijibu swali moja tu. Bunduki ile inaweza kula marisau gani yasiyo ya risasi?

Nduguyo,
Mayasa


Chumbageni, Tanga
9 Machi 2024

Kwa dada yangu Mayasa, jemadari wa bata,

Wa alaykum salaam. Barua yako imefika, na mama wa Handeni alikataa kuondoka mpaka nilipoifungua mbele yake, kwa hiyo hongera, umepata tarishi wa tabia yako. Sisi tunaendelea vyema kwa uwezo wa Mola. Presha ya Mwanaasha inapanda na kushuka kama bei ya sukari. Shamba la Muheza limeingiliwa na nyani. Mwezi wa Ramadhani unabisha hodi, na tende mwaka huu hazishikiki.

Kuhusu swali lako. Nimekaa na silaha kwa muda mrefu kuliko uliokaa na mumeo, Mungu amrehemu, kwa hiyo nisikilize vizuri. Marisau ya risasi ni laini. Yanapofika mdomoni mwa mtutu, pale palipobanwa ili yasitawanyike mapema, yanajibonyeza yanapita. Chuma hakibonyei. Punje za chuma zikifika hapo kwa kishindo zinasukuma ukuta, na mtutu wa zamani ukuta wake ni mwembamba. Utavimba pale mbele kama shavu lenye jino bovu. Huko nyuma nako punje zitakwaruza chuma cha ndani kilichong'arishwa na mafundi waliokwisha kufa. Kumpa bunduki ile chuma ni kumpa bibi kizee asiye na meno mfupa wa ng'ombe.

Hayo ndiyo maelezo ya kitaalamu. Ukitaka yangu kama kaka, haya hapa. Iuze, au mkabidhi mtu mwenye kuielewa. Huyo Adamu unayemtia mdomoni kama karanga, mimi nimesikia mengine juu yake. Ni mtu mzima, anashika swala zake, ana duka lake, na mara mbili tatu amenipigia simu kuuliza hali yako. Ni wangapi wanaouliza hali ya mjane siku hizi?

Mwanamke wa umri wako kulala kifudifudi kwenye matete akimvizia bata! Watu wa Tanga wakisikia watasema ndugu zako tumeshindwa kukununulia kuku.

Funga salama, na uombe mwongozo.

Kaka yako,
Muhammad


Troyeville
14 Aprili 2024

Kaka Muhammad,

Idi mubarak, na Mungu akutakabalie funga yako, hasa funga ya ulimi, maana naona ile ya ukweli ulikula mchana. Sisi tulisali uwanjani, tukarudi tukapika pilau. Sumaiya alileta wenzake wa benki, nao walikula mpaka ukoko wakasema ni chakula kitamu cha kienyeji. Kienyeji cha wapi hawakujua, na mimi sikuwaambia.

Nilikuuliza bunduki inakula nini, nawe ukanijibu inakataa nini. Mtu akikuuliza njia ya kwenda msikitini, humwelezi njia zote zisizofika. Nimesoma barua yako jikoni, nikaisoma tena sebuleni, nikasema labda jibu limejificha nyuma ya nyani wa Muheza. Halikuwapo. Kwa hiyo nimejitafutia.

Nimeipeleka kwa fundi wa bunduki, mzee mmoja mkali aliye karibu na Bertrams. Aliifungua, akaimulika ndani, akapima kuta za mitutu kwa chombo chake, akaguna. Mtutu wa kulia mdomo wake uko wazi, wa kushoto umebanwa sana. Kuta bado zina afya. Halafu akaniambia kwa maneno machache, maana haongei bure, kwamba kuna marisau ya bismuthi. Ni metali laini, nzito kukaribia risasi, haina sumu, na bunduki za rika lile huyala bila kulalamika. Yapo pia ya tungsteni yaliyochanganywa na plastiki, lakini kuyapata huku ni kazi. Bismuthi ipo, ni adimu tu, na ni ghali. Akaniambia pia nichague punje kubwa kidogo kuliko za risasi nilizozoea, kwa kuwa ni nyepesi kidogo, na nisipige bata wa mbali.

Muhammad, ulikaa ghalani miaka yote ile ukasoma kila kijitabu kilichoingia. Bismuthi hujawahi kuisikia? Ama uliisikia, mtandao ukakatika?

Adamu alikuja siku ya Idi pili na boksi la tende. Nilipomtajia bismuthi akatabasamu, akasema hiyo haipo Afrika Kusini nzima, nisipoteze pesa zangu. Wakati anasema hivyo risiti ya bismuthi ilikuwa mezani, chini ya sahani ya tende zake. Nilimwacha aongee mpaka akamaliza.

Nimempelekea jirani yangu Célestine, fundi cherehani, Mkongo wa Bukavu, lile koti la kuwindia la Othmani anipunguzie. Alilitandaza mezani akacheka. "Mama Mayasa, iyi koti ilikuwa ya mutu munene. Nikikata yote, itabakia ya mutoto." Nikamwambia akate. Akaniuliza, "Na bunduki nayo ni ya bwana? Basi bwana yako hajaenda mbali." Niligeuka nikatazama barabarani mpaka macho yakakauka.

Sasa sikiliza, na hili ni la kujibu. Fundi alisema bunduki hii chemba yake, pale ganda la marisau linapokaa, ni fupi, nitafute risasi za ganda fupi. Dukani bismuthi iliyopo ni ndefu. Nimeijaribu nyumbani bila kufyatua, inaingia vizuri na bunduki inafunga. Muuzaji anasema, "Sharp, Mama, kama inafunga, inapiga." Fundi amesafiri kwenda kwa mwanawe mpaka mwishoni mwa Mei, na simu yake imezimwa. Msimu unaanza Juni mwanzoni. Sitaki khutba, sitaki watu wa Tanga watasema nini. Niambie kama niitie bunduki hiyo risasi ndefu. Hili linahusu uso wangu.

Mayasa


Tanga
27 Aprili 2024

Mayasa,

Salamu nyingi. Wote wazima.

Nilikupigia siku ile ile barua yako ilipofika, ukakata simu. Nikapiga tena, ukaikata tena. Najua ulikuwa unanikomesha, na mimi niko huku nimeshika kichwa. Barua hii nimeilipia ndege, usije ukasema nimengoja basi.

Usiitie ile ndefu. Rudia kusoma hapo: usiitie. Risasi isiyofyatuliwa ina ganda lenye mdomo uliokunjwa, ndiyo maana inaingia. Ikifyatuka, mkunjo ule unafunguka kwenda mbele, na kwenye chemba fupi unakuta njia imeanza kuwa nyembamba. Marisau yanataka kutoka, ganda limeziba njia, na nguvu yote inatafuta pengine pa kutokea. Bunduki kufunga si dalili ya kitu. Hata kaburi linafunga. Nimewahi kupokea bunduki ghalani iliyofanyiwa hivyo, na mwenyewe hakuja nayo, ililetwa na shemeji yake.

Huyo muuzaji mwambie auze mboga. Msubiri fundi wako, atafute fupi. Na hata ukizipata, tumia mtutu wa kulia kwanza, ule ulio wazi, uache wa kushoto.

Bismuthi naijua. Niliijua.

Kukuambia haya si kwamba nimekubali uwinde. Bado nasema mahali pako si pale, na kuna mambo ya heri ambayo mtu angeyaona kama angeweka chini bunduki na kutazama mlangoni. Siongezi.

Muhammad

(Kwa mkono mwingine, nyuma ya karatasi.) Wifi, nimetumwa kuipeleka bahasha hii, nimeikuta iko wazi. Muulize kaka yako koti jeusi la manyoya analovaa na joto hili la Tanga limetoka wapi na ni la nini. Mimi nimeuliza, nikaambiwa nipike. Mwanaasha.


Troyeville
23 Juni 2024

Kwa Muhammad,

Idi kubwa imepita, tumechinja, tumegawa. Sumaiya ana mafua. Ukuta wa nyuma umejengwa na kijana wa Kizimbabwe kwa ustadi, umenyooka kuliko watu ninaowajua. Hizo ndizo salamu zako, na kwa mwaka huu ndizo zote.

Fundi alirudi. Alipata makasha ya bismuthi fupi kwa mtu wake wa Pretoria, akanipa, akaniambia maneno yale yale uliyoniandikia, hata la mtutu wa kulia. Nilikaa kwenye kiti chake nikawaza kwamba ungeniandikia hayo Machi, tusingefika hapa. Kwa ile ya "usiitie" nakushukuru. Hiyo peke yake.

Sasa sikiliza siku ya kwanza ilivyokwenda.

Tulifika bwawani nyasi zikiwa nyeupe kwa jalidi. Nimevaa koti la Othmani, sasa linanikaa. Sumaiya alikataa kuja, alitoa "eish" moja ndefu akarudi kulala. Kabla hatujagawana nafasi, Adamu akapaza sauti mbele ya mwenye shamba, mzee wa Kikaburu mwenye kofia, kwamba ana wasiwasi na marisau yangu. Akatoa sumaku mfukoni. Ndugu yangu, mtu ametoka nyumbani kwake Joubert Park na sumaku mfukoni kwa ajili yangu! Akaomba ganda moja lipasuliwe. Mwenye shamba akalipasua kwa kisu, punje zikamwagika kiganjani, Adamu akasogeza sumaku. Hazikushika. Akageuka kwa watu kama wakili aliyeshinda kesi. "Mmeona? Chuma kingeshika. Haya ni marisau ya risasi. Dada yetu amedanganywa dukani, tumsamehe, lakini sharti ni sharti."

Nikatazama geti, nikaona mwaka wangu wote unatoka pale.

Mwenye shamba alikwenda kwenye gari lake akarudi na nyundo. Akaweka punje moja yangu juu ya chuma cha kuvutia tela, akaipiga. Ikasagika kama chumvi ya mawe. Halafu akatafuta kwenye kisanduku chake punje moja ya risasi iliyobaki humo tangu mwaka juzi, akaipiga nayo. Ikalala bapa kama dengu. Akamwonesha Adamu, moja huku, moja huku, na sumaku yake katikati. Kisha akaniambia kwa Kiingereza chake kizito, "Bismuthi. Sawa, Mama. Kapige." Yule mkubwa wetu aliirudisha sumaku mfukoni akaanza kusifu hali ya hewa.

Nilikaa kwenye matete yetu. Bata wa kwanza walipita juu, mbali. Adamu akawafyatulia, akamwumiza mmoja, akaanguka huko kwenye matete mazito na mbwa hawakumpata. Hicho ndicho chuma mkononi mwa mwenye kiburi, kinapigwa kokote na kinaumiza bure. Mimi nikangoja. Wakaja wawili, chini, wakishusha miguu. Nikasema Bismillah, mtutu wa kulia, mmoja akaanguka mbele yangu kwenye maji ya magoti. Bunduki ilinipiga bega pale pale inaponipigaga siku zote. Nikaingia majini, nikamkuta hai, nikamchinja mwenyewe.

Nilipotoka majini nimemshika bata, Adamu alikuwa ukingoni na la kusema. Kwamba nyama ya mkono wa mwanamke ina shaka. Nikamwambia, "Basi usile." Wengine wote walikula.

Kwenye moto, wakati wa chai, alinisogelea akashusha sauti. Akaniambia niache ukaidi, mambo yamekwisha kamilika, kaka yangu amekubali tangu Januari na kilemba, zawadi ya walii, kimepokewa. Akataja koti jeusi la manyoya. Akaniambia kwamba baada ya ndoa bunduki itaandikwa kwa jina lake, ndiyo utaratibu mzuri, mke asihangaike.

Ndipo nilipoelewa kwa nini mtandao wako ulikuwa unakatika. Ulikuwa umeniposesha, Muhammad. Mimi nakuuliza marisau, wewe unapima koti. Ulijua jibu ukalimeza, ili nikikosa la kutia kwenye bunduki nikae nyumbani nimngoje yule. Najua utaniambia ulinitakia stara. Nina stara, nimeirithi, ina mitutu miwili.

Wewe ndiye walii wangu, sikatai. Baba zetu ni ndugu na wamekwisha kutangulia, hakuna mwingine. Lakini mjane huozeshwa kwa kauli yake mwenyewe, na walii kazi yake ya kwanza ni kumuuliza. Mimi uliniuliza lini? Barua zako ziko hapa mbele yangu, nimekutana na nyani wote wa Muheza, swali hilo sijakutana nalo.

Kwa hiyo nakupa kazi yako sasa. Mwandikie Adamu kwa mkono wako, useme kwamba Mayasa binti wa baba yako mdogo amekataa. Usiseme anafikiria. Usiseme Mungu akipenda. Na ulivue hilo koti, unanuka jasho mpaka huku.

Bado nina hasira nawe na zitakaa. Nakuambia ili usije ukajipa moyo.

Mayasa


Tanga
3 Agosti 2024

Mayasa,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Mwanaasha anakusalimu kwa furaha isiyo na adabu, na tangu barua yako ije amekuwa akiimba jikoni. Presha yake imeshuka, daktari anasema ni dawa.

Sitabishana nawe. Nilidhani nakutafutia mtu wa kukufungia mlango usiku. Ungeniona mjinga hata kama ningejieleza kurasa nzima, basi nakuokolea muda.

Nimefanya ulichoagiza. Nilimwandikia Adamu kwamba umekataa, bila "anafikiria", bila kitu. Koti nimelifunga kwenye gunia la salfeti na kulirudisha kwa basi, gharama juu yangu.

Amejibu wiki hiyo hiyo, kwa ujumbe wa simu. Mistari minne. Nilidhani atasikitika, au atanilaumu kwa kuvunja neno, nikakaa tayari kutukanwa kwa kuwa nilistahili. Hakuuliza kwa nini umekataa. Hakutaja hata jina lako. Ameuliza kama bunduki inauzwa.

Nilikaa barazani na simu ile mkononi mpaka Mwanaasha akaja kuniuliza kama kuna msiba. Nimeona haya, dada yangu, haya ambayo sikuwahi kuona nikiwa na umri huu. Ningekuozesha kwa mtu aliyekuja kuposa mitutu miwili.

Bado anangoja jibu. Safari hii sitajibu kwa niaba yako. Namba yake unayo, mjibu mwenyewe, bunduki ni yako.

Muhammad